Mbuzi wa Faini na Mkono Uliolala

Vijana wangu wa kine, chumba cha mazoezi ya viungo hospitalini,

Siku niliyokabidhi funguo mlinipa keki, kitenge na hotuba nyingi, kisha mkaniambia, "Mama Kavira, utuachie maneno." Nimekaa mezani kwangu hapa Bunia, chai iko pembeni, nawaachia. Habari za kupanda cheo sitazigusa, maana hazijazi hata nusu ukurasa. Za mshahara nitaziruka pia, tusije tukaiharibu siku nzuri. Nitawaandikia kuhusu miguu. Maisha yangu yote ya kazi yamekuwa ya kutazama watu wakitembea, na mpaka leo nikienda sokoni natazama miguu ya muuzaji kabla ya nyanya zake.

Nilipofika mara ya kwanza nilikuwa nimetoka masomoni Kisangani, na koti langu jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka lingeweza kusimama lenyewe. Mkuu wa chumba alikuwa Papa Anselme, mtu mfupi, mkali, aliyependa redio na kuchukia kelele, mambo mawili ambayo hakuwahi kuyapatanisha. Nilidhani atanionyesha vifaa. Vyenyewe vilikuwa vichache: mabomba mawili ya maji yaliyochomelewa ili mgonjwa ashike anapojifunza kutembea tena, kioo chenye ufa, na mpira uliokwisha upepo. Hakunionyesha hata kimoja. Alinionyesha kiti kilichokuwa dirishani. Mnalijua dirisha hilo, linatazama uwanja wote, toka langoni mpaka kwenye benchi la kungojea.

"Ikala hapa, angalia," akaniambia.

"Niangalie nini, Papa?"

"Batu. Mutu akijua iko unamuangalia, anatembea kama askari ku defile, ku gwaride. Weye umuangalie mbele ya yeye kujua. Na akitoka, umuangalie tena, juu saa ile anawaza chakula ya muchana, hakuwaze weye."

Wiki nzima nilikaa kwenye kiti kile nikiamini kwamba mzee ananinyima kazi. Nilikasirika, nikaandika barua kwa dada yangu kwamba nimesoma bure. Lakini kidogo kidogo nikaanza kuona. Huyu anachechemea akifika mbele ya daktari tu, kwa sababu anataka karatasi ya mapumziko. Yule anajikaza, lakini anashika ukuta akidhani hakuna mtu. Papa Anselme alipokuwa anakwenda pensheni, aliniachia kiti hicho, na nilikipenda kuliko cheo chochote.

Kisha vita ikatuondoa dirishani. Ile miaka tulikuwa tunatengeneza magongo kwa miti ya kalitusi na kuwafundisha watu kutembea na mguu uliobaki. Sitaisimulia, wengi wenu mliikimbia mkiwa mgongoni mwa mama zenu. Nasema jambo moja tu, kwa sababu linahusu habari yangu. Tangu wakati huo, mtu akipiga kelele usingizini hapa kwetu, hakuna anayeshangaa. Majirani wanasema vita inamrudia. Kanisani wanamwombea. Mara nyingi ni kweli, vita inamrudia. Na kwa kuwa mara nyingi ni kweli, ugonjwa mwingine ulipata mahali pazuri pa kujificha.

Mama Rejina alikuja kwangu siku ya soko, mkono wa kuume umefungwa kitambaa, kifundo kimevimba. Nilimfahamu, tulikuwa tunasali kanisa moja. Mume wake, Papa Deo, alikuwa ameendesha lori barabara ya Mahagi maisha yake yote, mpaka alipostaafu na kubaki kuwaambia vijana jinsi wanavyoliharibu gari. Mama Rejina yeye alikuwa mkulima wa maharagwe, mwanamke wa Gety, mnene wa sauti. Siku hiyo sauti ilikuwa ndogo. Chini ya jicho lake nikaona alama ya zamani iliyoanza kuwa ya njano.

Nilifunga mlango. "Mama Rejina, nani alikupiga?"

"Deo."

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nimlaani Deo, akanizuia kwa ule mkono mzima.

"Ngoja kwanza. Iko ananipiga, lakini hapana yeye. Iko analala. Anapiga mateke, anapiga ngumi, anapiga kelele, 'Toka! Toka mu shamba!' Nikimuamusha, anashangaa, analia kama mutoto. Mi najua Deo. Muchana hata kuku hawezi kuipiga."

"Na kwenu wanajua?"

"Wanajua paka mbuzi."

Hapo lazima niwaeleze wale wenu mliokulia mbali, ambao 'paka' kwenu ni mnyama na kwetu ni 'tu'. Katika familia zao, mume akimuumiza mke, mke anarudi kwa ndugu zake, na mume anamfuata na wazee wake na mbuzi wa faini. Mbuzi akipokelewa, maneno yamekwisha, mke anarudi. Papa Deo alikuwa amekwisha kupeleka mbuzi mara mbili. Mara zote mbili hakujitetea hata kwa neno moja. Aliona alama usoni mwa mke wake, akaona ngumi yake mwenyewe, akaenda kutafuta mbuzi. Sasa kaka zake Rejina walikuwa wamesema mbuzi wa tatu hawamtaki. Walikuwa wanakuja Jumamosi ya wiki iliyofuata kumchukua dada yao moja kwa moja.

"Mi sitaki kwenda," akasema, na machozi yakamtoka. "Lakini nitawaambia nini? Kama bwana yangu alipiga juu ya ndoto? Nani atakubali?"

Nilimfunga kifundo vizuri, nikamwambia asiwe na hofu, maneno ambayo tunayasema tukiwa hatuna mengine. Halafu nikamuuliza swali moja tu: hilo lilianza lini? Akasema zamani kidogo, polepole, na vita ilikuwa imekwisha kupita kwa muda mrefu. Akaongeza bila mimi kumuuliza kwamba siku hizi makayabu, wale samaki wa chumvi, yanaungua jikoni, jirani wa tatu anakohoa, na Deo amekaa pembeni ya jiko hasikii harufu yoyote. Alisema hivyo kama mtu anayelalamikia uvivu wa mume.

Jumapili nilikaa kanisani kwenye benchi langu la pembeni. Mnajua wakati wa matoleo kwetu: kwaya inapandisha, ngoma inaingia, watu wanatoka kwa mstari wakicheza mpaka kwenye kikapu. Nimeabudu huko miaka mingi na, Mungu anisamehe, nusu ya ibada nimekuwa natazama magoti. Papa Deo akapita. Mkono wake wa kuume ulikuwa unakwenda na ngoma kama mikono ya watu wote. Wa kushoto ulikuwa umelala, umeshikamana na shati. Alipofika kikapuni na kugeuka, hakugeuka mara moja kama wenzake. Alijigeuza vipande vipande, kama dereva anayegeuza lori kwenye kichochoro. Hakuwa anatetemeka. Hakuwa anachechemea. Mtu mwingine angesema anazeeka tu, mimi nikamfuata kwa macho mpaka kwenye benchi lake.

Jumatatu nilikwenda kwa Dokta Sifa, yule wa wagonjwa wa ndani, mnamjua, anayekunywa kahawa bila sukari na kututaka tufanye vivyo hivyo. Nilimwambia yote, usingizi, pua, mkono. Aliweka kikombe chini. Alisema kuna watu ambao ndoto zinawatoka mikononi na miguuni, na baadhi yao, baada ya miaka, wanapata Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Kwa baadhi ya hao, mwendo unaanza kubadilika kabla mkono haujatetemeka. "Muniletee huyo muzee," akasema, na kahawa ikapoa.

Papa Deo alikuja na Mama Rejina, amevaa shati la Jumapili. Dokta akamwomba atembee korido nzima aende arudi. Alitembea kama gavana anayekagua gwaride, mikono yote miwili inarushwa juu. Dokta akanigeukia.

"Mama Kavira, mi naona paka muzee anatembea muzuri kupita mimi."

Nilimkumbuka Papa Anselme. Papa Deo alikuwa anatembea kwa ajili ya macho yetu. Nikasema, "Papa Deo, leo unapeleka lori Mahagi. Utembee, usisimame, na uniitie senta zote za ku njia, moja moja."

Akacheka. "Njo unaniuliza hiyo? Hata mu usingizi naweza..." Akamtazama mke wake. Mama Rejina akaanza kucheka hata akashika ukuta, na sisi wote tukacheka naye, na naamini kicheko hicho kilimfungua mzee, maana alianza kutembea bila kutukumbuka.

"Iga," akasema, senta ya kwanza ya njia. Hatua zilikuwa nzuri bado. Akaita nyingine, na nyingine. Kadiri alivyokuwa anatafuta majina, hatua zilipungua, nyayo zikaanza kusugua sakafu, na mkono wa kushoto ukalala palepale penye suruali. Mwisho wa korido akageuka vipande vipande. "Fataki," akasema. "Kisha... Nioka." Na hapo akasimama kabisa.

"Ku Nioka kuko bariere ya kufunga njia?" nikamtania.

Hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake. "Hapana, Mama. Miguu njo imesimama."

Dokta Sifa alimkalisha. Napenda mjifunze jinsi alivyosema naye, kwa hiyo naandika maneno yake karibu yote. "Papa Deo, mutu akilala na akiota, kuko kama kufuli inafunga mikono na miguu, ndoto inapita paka mu kichwa. Kwako kufuli ile imelegea. Njo maana unapiga. Hapana roho mubaya, hapana hasira. Na mukono na miguu zinatuonyesha kama pengine kuko kitu mu ubongo kinaanza. Pengine Parkinson. Leo siwezi kukupatia jina ile, juu sijue bado. Lakini tutakufwata, na Mama Kavira ataanza kazi na weye sasa, hatutangoja."

Mzee akaigeuza mikono yake na kuitazama. Nilidhani ameogopa ugonjwa. Kumbe alikuwa na jambo jingine.

"Kwa hiyo," akasema, "hapana mimi nilimupiga?"

"Hapana weye, Papa."

Akafunika uso kwa mikono yote miwili. Nimeona watu wengi wakipewa habari mbaya kwenye chumba kile. Huyo ni wa pekee niliyemwona akiambiwa huenda anaanza ugonjwa mkubwa na akalia kwa kushukuru.

Jumamosi ikafika. Papa Deo mwenyewe aliniomba nije. "Nikisahau kitu, Mama, sema yote," akaniambia. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa uwanjani kwao, chupa za sukre, yaani soda, mezani, na kaka watatu wa Gety wamekaa mstari mmoja. Mkubwa wao, Tadeo, ni mkulima na mfugaji, mtu wa maneno machache na kofia kubwa. Kofia hakuivua.

Papa Deo alieleza. Alieleza vibaya, alianza na kufuli, akarudi kwenye ndoto, akaenda kwenye korido. Tadeo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, mbuzi ulileta mara mbili," akasema. "Mutu analipa faini juu ya kosa. Kama hakukuwa kosa, ulilipa nini?"

"Nilikuwa sijue. Mukono iko yangu. Ningekataa mukono yangu?"

Hilo neno lilinichoma. Lakini Tadeo alitikisa kichwa tu. "Na mu ndoto, unapiganaga na nani?"

Papa Deo akatazama chini. Hata mke wake alikuwa hajawahi kuambiwa. "Ngombe," akasema. "Ngombe ya batu inaingia mu shamba ya Rejina, inakula maharagi. Njo nafukuza."

Kaka mdogo aliachia kicheko, akakimeza haraka. Mama Rejina alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, akabaki hivyohivyo.

"Ndoto haina shahidi," Tadeo akasema. Na kusema kweli, sikumlaumu. Alikuwa na dada mmoja tu, na uso wa dada huyo alikuwa ameuona.

Wakati huo akaingia mjomba aliyechelewa, na kiti hakikuwepo. Papa Deo akainuka mwenyewe kuleta kimoja kutoka ndani, kama mwenye nyumba yeyote. Nikainama kwa Tadeo. "Kaka, weye ukinunua ngombe ku soko, unaangaliaga namna inatembea. Muangalie, bila yeye kujua."

Tadeo akageuza kofia. Papa Deo alikwenda mpaka mlangoni, hatua fupi, mkono wa kushoto umelala. Akageuka vipande vipande. Akarudi na kiti kwa mkono wa kuume, na akili yake yote ilikuwa kwa mjomba, akimsalimia na kumuuliza habari za njia. Hapo miguu ikasimama katikati ya uwanja, kiti mkononi, salamu mdomoni. Kisha ikaanza tena. Yeye hakuona kitu. Kaka watatu walikuwa wameona.

Tadeo alivua kofia. Aliiweka juu ya goti, akaisawazisha. "Ngombe ikitembea vile," akasema polepole, "siipigi. Ninaita veterinere, dokta wa ngombe."

Nilitaka kumkumbatia. Lakini Mama Rejina alinitangulia kusema, na ile sauti yake nene ilikuwa imerudi.

"Mulikuja kunichukua, na hamukuniuliza. Sasa nasema. Huyu muzee iko anapigana na ngombe juu ya maharagi yangu. Nimuache na ngombe peke yake?" Akaweka sahani mezani kwa kishindo. "Mukule, chakula inapoa."

Wakala. Na wiki mbili baadaye pikipiki ikafika kutoka Gety, na nyuma ya dereva kulikuwa na mbuzi jike, amefungwa vizuri, uso wake kama wa abiria aliyelipa nauli na anayetaka kuheshimiwa. Tadeo hakuandika neno. Mbuzi wa faini akirudishwa, maana yake hakukuwa na kosa. Wazee wengi walisema hawajawahi kuona mbuzi akirudi. Papa Deo alimfunga kando ya jiko na kukaa naye mchana wote.

Kazi yetu ilikuwa rahisi kuliko mnavyodhani, na naomba muishike. Nyumbani tulitenganisha vitanda, godoro la mzee likashuka chini, kigoda na taa vikahamia mbali. Mke alifundishwa asimshike akiwa anapigana, amwite kwa jina toka mbali. Kwangu, mara mbili kwa wiki, tulitembea kwa wimbo. Hatua kubwa, mkono urushwe, na kugeuka kwa kuzunguka kwa upana, "kama lori yenye trela," nikamwambia, na hilo alilielewa kuliko mazoezi yote niliyosomea Kisangani. Alipokuwa anaimba, miguu haikusimama. Sijui vizuri kwa nini. Dokta anajua kidogo zaidi, naye anasema hajui vizuri.

Na ninyi muwe waangalifu. Si kila anayepiga mateke usingizini ana ugonjwa huo, na si kila mzee wa hatua fupi. Wengine ni vita kweli. Wengine ni pombe, na hao mtawajua kwa harufu. Mkiona mkono umelala, msilitangaze uwanjani, wala msimpe mtu jina la ugonjwa ambalo daktari hajalitaja. Mumuulize tu jinsi anavyolala, na mumuulize mke pia, kwa sababu mwenyewe hajui.

Miaka ilipita kabla mkono wa kushoto haujaanza kutetemeka. Siku hiyo Dokta Sifa akalitaja jina, na hakuna aliyeanguka, maana tulikuwa tumelisubiri kwa mazoezi na wimbo na kicheko. Vidonge vinapatikana kwa shida. Vingine vinapita Mahagi kwa lori. "Nilikuwa nabeba dawa ya batu," Papa Deo ananiambia, "sasa barabara inanilipa." Anatembea polepole kuliko zamani, na vifungo vya shati anavifunga Mama Rejina, ambaye anadai mume wake alikuwa hajui kuvifunga tangu ujana. Lakini anatembea.

Jumapili iliyofuata sherehe yenu, kanisa lilinifanyia ibada ya shukrani. Nilikaa kwenye benchi langu la pembeni. Ngoma ikaingia, mstari wa matoleo ukatoka, na katikati yake nikamwona Papa Deo na mbuzi. Alikuwa mjukuu wa yule aliyerudi kutoka Gety, mweupe, mkaidi, ameletwa kwa ajili yangu. Na kamba ilikuwa kwenye mkono wa kushoto. Mbuzi hakupenda kanisa. Akavuta mbele, na mkono ukaenda mbele naye. Akarudi nyuma, na mkono ukarudi. Kwaya ilikuwa inaimba, Papa Deo alikuwa anaimba, na ule mkono uliolala miaka yote hiyo ulikuwa unabembea kama wa kijana. Sikusogea hata kidogo, ili asijue kwamba namtazama.

Nyuma yake alikuja Mama Rejina, kikapu cha maharagwe kichwani, akiharakisha, akicheka, na sauti yake ikapita ya kwaya nzima:

"Deo! Polepole, baba! Iko unaniacha!"